Kabla ya kununua sensa nyingine, inua kapeti ya gari

Wiki mbili baada ya mvua kubwa kunyesha Lodwar, ardhi imeshakauka, vumbi limerudi hewani na watu wamesahau. Hapo ndipo Probox inaanza vituko. Indiketa ya kushoto inapepesa mbio kama imepagawa. Loki za milango zinajifunga na kujifungua usiku wa manane. Asubuhi betri imekufa. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, inazima ukifika Kakuma, inawaka tena ukigeuza kurudi.

Dereva anakimbia kwa fundi. Fundi anachomeka mashine ya kusoma makosa, mashine inataja sensa fulani, sensa inaagizwa Eldoret au Nairobi, inasafiri na basi la usiku, inafungwa. Siku tatu gari liko poa. Siku ya nne vituko vinarudi, na safari hii mashine inataja sensa mbili.

Hakuna anayeilaumu mvua, maana mvua iliisha kitambo. Lakini mara nyingi maji bado yamo ndani ya gari. Yamelala chini ya kapeti, kwenye sponji, au ndani ya soketi ya waya ambayo hakuna aliyeifungua tangu gari litoke Japani.

Kwa kijana aliyechukua mkopo wa sacco ili abebe abiria kati ya Lodwar na Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi, hii si stori ya taa kuwaka tu. Siku ambayo gari limelala gereji, mkopo haulali. Na pesa zinazoishia kwenye sensa ambazo hazikuwa mbovu huwa hazirudi, kwa sababu vipuri vya umeme vikishafungwa wauzaji wengi hawavirudishi.

Jua ndilo linalotoboa

Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Kwa hivyo mtu wa Turkana anajiambia kwamba kuvuja ni shida ya watu wa Kericho na Kakamega. Mimi naona ni kinyume. Gari la Kericho hunyeshewa kila mara, likivuja mwenyewe atajua wiki hiyo hiyo. Gari la Lodwar linaweza kukaa miezi na tundu lisijulikane.

Na matundu yanatengenezwa wakati huo wa kiangazi. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupanda zaidi, na dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 60 bila taabu. Raba za milango zinakauka, zinasinyaa, zinapasuka kama nyayo za mchungaji. Gundi inayoshika kioo cha mbele inapoteza ulaini wake, hasa kama kioo kiliwahi kubadilishwa na mtu aliyebana gundi. Kisha kuna upepo. Turkana ina upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na wanasayansi wa hali ya hewa wameupa jina kabisa, Turkana Jet. Upepo huo unabeba vumbi laini kama unga, na vumbi hilo halibaki kwenye kioo tu.

Hapa kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawajui. Gari halikutengenezwa ili maji yasiingie kabisa. Lilitengenezwa ili maji yaingie mahali fulani na yatoke mahali fulani. Chini ya waipa kuna mtaro unaopokea maji yote ya kioo cha mbele na kuyamwaga pembeni, nyuma ya matairi ya mbele. Ndani ya kila mlango maji hupita kando ya kioo, hushuka, hutoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini kabisa ya mlango. Magari yenye dirisha la paa yana mirija myembamba inayoshuka ndani ya nguzo. Ziba njia hizo, na maji yatatafuta njia nyingine, ambayo kwa kawaida ni miguuni pako.

Huku kwetu kinachoziba ni vumbi na mathenge. Mti huo ndio kivuli cha kila steji na kila ua, na majani yake ni madogo kiasi cha kupenya wavu ulio chini ya waipa. Yanaanguka humo, yanachanganyika na vumbi, na mvua ya kwanza inayageuza kuwa tope. Mvua ya pili inakuta bwawa.

Ukitaka mfano wa jinsi hali hii inavyojikusanya, kumbuka miaka ya karibuni. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini mwa Kenya. Halafu zikaja mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba 2023, na mafuriko mengine ya Machi hadi Mei 2024. Gari lililonunuliwa wakati wa ukame ule lilikuwa limekaa miaka miwili na zaidi likichomwa na kujazwa vumbi, kisha likamwagiwa maji kwa wiki kadhaa.

Maji yanafanya nini huko ndani

Kwenye Toyota nyingi zinazozunguka barabara zetu, kompyuta ya injini imefichwa nyuma ya droo ya abiria wa mbele, na boksi moja la fyuzi liko chini ya dashibodi. Mtaro wa waipa ukifurika, maji huingia kwenye tundu la hewa la feni, yanatiririka hadi upande huo huo wa abiria. Yaani maji na ubongo wa gari vinakutana kwenye kona moja.

Maji ya mvua yakiwa safi hayapitishi umeme vizuri. Yakichanganyika na vumbi na chumvi ya udongo, yanapitisha. Waya unaoliwa kwanza ni ule wenye umeme wa betri muda wote hata gari likiwa limezimwa, kama wa loki, king'ora na redio. Umeme na unyevu vikikaa pamoja, shaba inageuka kijani, halafu inakuwa unga. Gari limeegeshwa, umelala, na kazi hiyo inaendelea.

Sasa rudi kwa ile mashine ya fundi. Sensa nyingi za gari huongea na kompyuta kwa volti 5 tu. Kutu kidogo kwenye soketi hupunguza volti hizo, kompyuta inasoma namba ya ajabu, inaandika kwamba sensa ina shida. Mashine haidanganyi, ila inachojua ni kwamba ujumbe wa sensa umefika vibaya. Kama ujumbe uliharibikia njiani, haiwezi kujua. Fundi anayebadilisha sensa bila kufungua soketi na kuitazama ni kama daktari anayetibu kwa kusikia kikohozi kupitia ukutani. Na ndiyo maana sensa mpya hufanya kazi siku tatu: alipoichomoa ya zamani na kuchomeka mpya, alikwaruza kutu kidogo, umeme ukapita, kisha kutu ikarudi.

Dalili nyingine ambayo haihitaji mashine ni hii. Kanyaga breki usiku, mwenzako asimame nyuma. Indiketa zikimulika hafifu pamoja na breki, au taa za dashibodi zikibadilika, shuku arthi. Arthi ni zile nati zinazofunga waya mweusi kwenye bodi ya gari, na nyingi ziko chini chini, mahali ambapo maji hutuama. Kuifungua, kuisugua kwa msasa hadi ing'ae na kuirudisha ni kazi ya dakika chache. Nimeona watu wakibadilisha altaneta kwa sababu ya nati moja yenye kutu.

Kwa Probox, Noah na gari lolote lenye mlango wa nyuma unaoinuliwa, angalia ile raba nyeusi kama utumbo inayobeba waya kutoka kwenye paa hadi mlangoni. Gari la abiria hufunguliwa buti mara nyingi kwa siku. Raba inapasuka, waya ndani zinakatika moja baada ya nyingine, na maji yanapenya hapo hapo. Taa ya namba ikizima, kisha waipa ya nyuma, kisha loki ya buti, kwa mpangilio huo huo wa taratibu, tafuta huko kabla ya kwingine.

Halafu kuna redio. Samahani kwa mafundi wa muziki, lakini lazima tuseme. Nyuma ya plastiki ya mlango kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Kazi yake si pambo. Inazuia maji yanayopita ndani ya mlango yasiingie kwenye gari. Kijana anayefunga spika kubwa anaichana, anaona haina maana, anaitupa. Mvua ikija, kapeti inalowa na hakuna anayeelewa, kwa sababu raba za mlango ziko sawa kabisa.

Mtungi mmoja wa maji

Kutafuta mahali panapovuja hakuhitaji gereji kubwa. Wala usiende na mashine ya kuosha magari yenye presha, kwa kuwa inasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki, na utatibu ugonjwa ambao haupo. Maji huku ni mali, lakini mtungi mmoja wa lita 20 unatosha. Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano ili umwage taratibu. Mwenzako akae ndani na tochi ya simu, tishu zimetandazwa sakafuni.

Anza chini, panda juu. Mwaga sehemu ya chini ya mlango, subiri dakika chache. Kando ya kioo, subiri. Mtaro wa waipa, subiri. Paa liwe la mwisho. Ukianza na paa, maji yatashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Kwenye paa, macho yako yaende kwa nati za keria na kitako cha antena.

Kama kapeti imelowa na hakuna mvua iliyonyesha, usihangaike na raba. AC inatoa maji yake yenyewe, na kuna mrija mdogo unaoyamwaga chini ya gari. Vumbi likiziba mrija huo, maji yanamwagikia miguuni pa abiria. Maji ya AC hayana harufu. Yakiwa yanateleza na kunukia utamu, hayo ni ya rejeta, na hiyo ni kesi tofauti.

Betri ikifa usiku, kuna kipimo ambacho kila mwenye gari anaweza kujifunza. Zima gari, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta zake zilale. Fungua kichwa cha hasi cha betri, weka mita ya umeme katikati ya kichwa hicho na waya wake, ukiwa umeiseti kwa ampia 10. Usiwashe gari mita ikiwa imeunganishwa, utaiunguza. Ikisoma chini ya 0.05, lala salama. Ikisoma ampia 1, betri ya ampia 45 kwa saa itaisha kabla ya siku mbili kutimia. Hapo chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, ndiyo njia yenye shida, nawe umepunguza msako kutoka gari zima hadi waya chache.

Ukipata maji, toa kiti, inua kapeti yote, na utoe sponji iliyo chini yake. Juu inaweza kuwa kavu kabisa ilhali sponji imebeba maji kwa wiki kadhaa. Ianike nje, jua la Lodwar angalau litalipa deni lake. Soketi za manjano chini ya viti usiziguse ovyo, hizo ni za mifuko ya hewa. Toa betri kwanza na usubiri dakika kadhaa. Soketi zilizolowa zisafishwe kwa dawa yake ya kupulizia, zikauke, kisha zipakwe grisi maalum ya umeme. Waya ulioliwa ukatwe hadi mahali shaba inang'aa, uunganishwe kwa risasi na kufunikwa mrija unaosinyaa kwa joto. Selotepu peke yake huku haidumu, gundi inayeyuka na kuachia.

Na tafadhali, fyuzi ikiungua mara ya pili, usiweke waya au fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi ya ampia 10 imeungua ili waya usiungue. Ukiweka ya 30, kitakachoungua safari ijayo ni gari.

Kazi hii ya waya inahitaji watu. Kakuma na Kalobeyei pamoja zina wakimbizi karibu 300,000, ukiongeza wenyeji, wafanyabiashara na mashirika, na barabara ya kwenda Nadapal imeboreshwa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Magari yapo. Don Bosco ya Kakuma imefunza vijana umakanika na umeme kwa miaka mingi, wenyeji na wakimbizi. Lakini vijana wengi wanavutiwa na injini na gia, kazi inayoonekana, wakati magari yanayofika sasa yanaharibika zaidi kwenye waya. Mwenye mita, taa ya majaribio, chuma cha kulehemu na subira anaweza kula kwa muda mrefu kupitia kazi ambayo wenzake wanaikimbia.

Laga na gari la bei poa

Kuvuja kutoka juu ni jambo moja. Kuingia kwenye laga ni jambo lingine, na hapo hatuongei umeme pekee. Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma ni mchanga mtupu siku nyingi za mwaka, kisha zinajaa ghafla hata kama juu yako mbingu ni safi, kwa sababu mvua imenyesha mbali, milimani upande wa mpaka wa Uganda. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Sentimita 60 zinabeba hata magari makubwa. Abiria wakikuhimiza kwamba lori limepita, waache waseme. Wewe si lori.

Injini ikizimika ndani ya maji, usipige stata. Maji hayabanwi kama hewa, na stata moja inaweza kupinda vyuma vya ndani ya injini. Gari likishavutwa nje, kitu cha kwanza ni kutoa kichwa cha hasi cha betri, kwa sababu ile kazi ya kula shaba inaanza dakika hiyo hiyo. Kuhusu bima, ile ya watu wengine haitakulipa chochote. Ya jumla isome vizuri uone kama imetaja mafuriko, na uisome kabla ya Machi.

Mwisho ni magari yanayouzwa. Land Cruiser kuukuu zilizokuwa za mashirika zinapendwa sana huku, na kwa haki. Lakini nyingi zilibeba redio za masafa marefu, na antena zikitolewa kwenye mnada, matundu yanabaki, wakati mwingine yamezibwa kwa selotepu na kupakwa rangi. Pitisha kidole kwenye paa na mabawa ya mbele, uliza kila tundu lilikuwa la nini.

Kuhusu magari mengine, mafuriko ya 2024 yalizamisha magari mengi Nairobi na viunga vyake. Gari lililozama linaweza kuoshwa, kukaushwa, kung'arishwa na kutafutiwa mteja mbali na mahali lilipozama. Usichukue bei poa kuwa bahati kabla ya kukagua. Washa kila kitu cha umeme kimoja kimoja, vioo vyote, loki zote, taa zote, hata ile ya ndani ya droo. Angalia kutu kwenye reli za viti na mstari wa tope ndani ya taa za nyuma. Toa tairi la akiba utazame shimo lake. Marashi yakizidi, jiulize yanaficha nini. Halafu shika mkanda wa usalama, uvute wote hadi mwisho wake, hadi sehemu ambayo hakuna anayeifikia anapoosha gari. Kama huko chini mkanda una rangi ya tope, mrudishie mwenye gari ufunguo wake.